Majigambo ya redio za wahafidhina wa Marekani si ya aina moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala mliyoichapisha Jumamosi iliyopita kuhusu redio za mazungumzo za Marekani, ambayo mwandishi wake alidai kwamba watangazaji wa kihafidhina wa nchi hiyo ni walewale, kwamba majivuno yao yamepikwa chungu kimoja, na kwamba aliyemsikiliza mmoja hana haja ya kuwasikiliza wengine. Kwamba wote wanajivuna, sina ubishi. Ninachobisha ni kwamba wanajivuna namna moja, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mmoja wao alikaa kileleni zaidi ya miaka thelathini, mwingine akapigwa marufuku kuingia Uingereza, na mwingine akaishia kupanda jukwaa la kampeni pamoja na Rais.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi sasa naendesha malori ya masafa marefu, makazi yangu yakiwa Columbus katika jimbo la Ohio. Sheria ya huku inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11 kabla ya kulazimika kupumzika, na saa 11 ni nyingi mno kwa mtu aliye peke yake, mbele yake mahindi na nyuma yake mahindi. Redio za AM ndizo zinazofika kila mahali huko mashambani, zikikatika kidogo tu ukipita chini ya daraja, na mchana kutwa redio hizo ni za watu hawa. Mengi wanayoyasema siyakubali, hasa wanayoyasema juu ya wahamiaji, ambao mimi ni mmoja wao. Lakini mtu ukimsikiliza saa tatu kila siku, mwaka baada ya mwaka, unafika mahali unajua hata anavyovuta pumzi kabla ya kutukana.

Kwa saa za mashariki ya Marekani, siku yangu ya kazi ilikuwa imejipanga yenyewe. Saa tatu asubuhi alianza Glenn Beck, saa sita mchana akaingia Rush Limbaugh, saa tisa alasiri Sean Hannity, na kuanzia saa kumi na mbili jioni Mark Levin, mpaka saa tatu usiku. Kwenye vituo ambavyo havikumchukua Levin, jioni ilikuwa ya Michael Savage. Mtu aliyeondoka Columbus kuelekea Des Moines aliwapitia karibu wote mmoja baada ya mwingine, kama anavyopitia vituo vya mizani.

Mwandishi wenu hakugusa jinsi kazi hii inavyoendeshwa, na bila hilo majivuno yao hayaeleweki. Tangu 1949 tume ya mawasiliano ya Marekani ilikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya utangazaji vijadili masuala yenye utata na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Kanuni hiyo ilifutwa Agosti 1987. Wakati huo muziki ulikuwa umeshahamia FM, ambako sauti ni safi zaidi, na vituo vya AM vilikuwa vimebaki na saa nyingi zisizo na cha kuwekwa. Tarehe 1 Agosti 1988 Limbaugh alianza kipindi chake cha kitaifa akiwa New York, kikirushwa na vituo 56. Mshirika wake, Ed McLaughlin, ambaye aliwahi kuongoza mtandao wa redio wa ABC, alivipa vituo kipindi bila kuvitoza fedha, na badala yake akachukua sehemu ya dakika za matangazo ya biashara akaziuza mwenyewe. Mwenye kituo kidogo huko Kansas alipata saa tatu za kipindi, siku tano kwa wiki, bila kuajiri mtangazaji hata mmoja. Mpango wa namna hiyo unamtaka mtu mmoja anayeweza kujaza saa tatu kwa nafsi yake peke yake, karibu kila siku bila mgeni studioni. Kwa hiyo kujiona, ambako kwa jirani yako ni kero tu, huku kuligeuka kuwa mtaji wa biashara.

Limbaugh aliuelewa mtaji huo kuliko wote, pengine kwa sababu alikuwa ameonja kukosa. Mtoto huyu wa Cape Girardeau, Missouri, aliyezaliwa 1951, alikuwa amefukuzwa na redio kadhaa, amewahi kutangaza kwa majina ya bandia, likiwamo Jeff Christie, na kuna miaka aliyoiacha redio kabisa akafanya kazi katika ofisi za timu ya besiboli ya Kansas City Royals. Alianza kuinuka upya Sacramento mwaka 1984. Alipolipata taifa zima, alijitangaza kuwa ana kipaji alichoazimwa na Mungu. Alisema kwamba anawashinda wapinzani wake huku nusu ya ubongo wake ikiwa imefungwa nyuma ya mgongo, ili mchezo uwe wa haki. Maikrofoni yake aliiita ya dhahabu. Wapigaji simu waliokuwa wakipoteza dakika nzima kumsifu kabla ya kufika kwenye hoja walijifunza kufupisha sifa hizo kwa neno moja, "ditto", ambalo kwa Kiswahili cha bungeni ni sawa na kusema naunga mkono hoja, na kutokana na neno hilo wasikilizaji wake wakapata jina lao.

Sisi tuliofundishwa fasihi simulizi sekondari tunaujua utanzu huo. Ni majigambo. Ni kivugo cha Wahaya, ambapo shujaa husimama na mkuki wake mbele ya mtawala na kujitapa kwamba yeye ndiye radi na yeye ndiye chui, na hadhira inamshangilia ikijua vyema kwamba chumvi ni sehemu ya mapishi. Hakuna anayemuuliza mwenye kivugo ushahidi wa chui. Limbaugh alijigamba kwa sauti ya mtu anayekukonyeza, na hasira ya wapinzani waliodhani anasema kweli ilikuwa nusu ya burudani. Ukimsikiliza vizuri ulisikia karatasi zikichakarika mbele ya maikrofoni, vidole vikigonga meza, kisha ghafla kimya. Kimya hicho kilidumu sekunde tatu, pengine nne, muda ambao ungemtoa jasho mtangazaji wa kawaida. Mara kadhaa nimeunyoosha mkono kwenye redio nikidhani mawimbi yamekatika, nayo sauti ikarudi, ya chini, ikimalizia sentensi yake.

Kipimo changu cha majivuno ya mtangazaji ni simu ya mtu asiyekubaliana naye. Limbaugh alikuwa akisema kwamba wapinzani huwapeleka mbele ya foleni, na kwa kadiri nilivyosikia, aliwapenda kwelikweli, kama paka anavyompenda panya. Miaka ya mwanzo aliwahi kuwa na mchezo wa kukata simu kwa mlio wa mashine ya kufyonza vumbi, akiwakejeli watetezi wa utoaji mimba, mzaha uliowaudhi wengi. Baadaye alitulia: alimwacha mpinzani amalize, akamwita kwa jina lake, akamtania, kisha akamjibu kwa dakika kumi baada ya simu yenyewe kukatwa. Alihitaji mtu wa kumshinda. Hata mwaka 2001, alipopoteza uwezo wa kusikia na kabla ya kuwekewa kifaa ndani ya sikio, aliendelea kupokea simu, maneno ya wapigaji yakichapwa na wasaidizi kwenye skrini mbele yake, naye akiyajibu. Ninapotaka kuwa mkali kwake nakumbuka jambo hilo, na ukali unapungua kidogo.

Lakini kivugo kina hatari yake, kwamba mtawala anaweza kukiamini. Juni 1992 Rais George H. W. Bush alimkaribisha Limbaugh alale Ikulu ya Marekani, na Rais mwenyewe akambebea begi lake. Baada ya uchaguzi wa 1994, wabunge wapya wa chama cha Republican walimfanya mwenzao wa heshima. Mwaka 2008 alisaini mkataba wa miaka minane ulioripotiwa kuwa na thamani ya dola milioni 400. Mtu anayebebewa begi na Rais anapata shida kuendelea kukonyeza. Mwaka 2012 mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown alizungumza mbele ya wabunge kuhusu bima na dawa za uzazi wa mpango, na Limbaugh akamwita hewani kwa neno ambalo gazeti lako haliwezi kulichapa, na akaendelea hivyo siku tatu. Matangazo yakaanza kuondolewa, ndipo akaomba radhi, jambo lililokuwa nadra kwake. Nilimsikia siku ile. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi aliyoandikiwa, mtu ambaye umaarufu wake wote ulijengwa juu ya kusema bila karatasi.

Sasa mweke Hannity pembeni yake. Msikilize mwezi mzima na hutamsikia akijiita mwenye kipaji. Alizaliwa New York mwaka 1961, na kabla ya redio alifanya kazi za ujenzi na za baa, mambo anayoyataja mara nyingi. Alianzia kituo cha wanafunzi huko Santa Barbara, California, ambako alitolewa, akaenda Alabama, akaja Atlanta, na 1996 akajiunga na televisheni ya Fox News tangu ilipoanzishwa. Kipindi chake cha redio cha kitaifa kilianza tarehe 10 Septemba 2001, siku moja kabla ya mashambulizi ya New York na Washington. Yeye na wapigaji wake husalimiana kwa kuambiana kwamba wewe ni Mmarekani wa maana. Hana mzaha, hana kimya, hana karatasi zinazochakarika. Ana hoja nne au tano za wiki, na kila saa huzipanga upya kama muuza machungwa anavyopanga mafungu yake. Mpinzani akipiga simu, hukutana na swali la ndiyo au hapana, kisha swali hilohilo tena, kisha tena, mpaka muda wa matangazo unafika.

Je, huyu hana majivuno? Anayo, ila ni ya mpambe. Sisi Watanzania tuna msemo wetu kuhusu wapambe na nuksi zao, na hauhitaji ufafanuzi. Fahari ya Hannity haiko katika kuwa mkubwa bali katika kuwa karibu na mkubwa, na umbali huo ndio anaoulinda kwa wivu. Aprili 2018, mahakamani New York, ilipotajwa kwamba wakili wa Donald Trump, Michael Cohen, alikuwa na mteja wa tatu ambaye jina lake lilifichwa, jina lililotoka lilikuwa la Hannity, ambaye wakati huo alikuwa akimtetea Cohen kwenye vipindi vyake bila kuwaeleza wasikilizaji. Yeye alijibu kwamba ulikuwa ushauri mdogo tu, wala hakuwahi kulipa ada ya uwakili. Novemba mwaka huohuo, siku ya mwisho ya kampeni za wabunge, asubuhi aliandika kwamba hatapanda jukwaani kufanya kampeni na Rais. Usiku akapanda. Televisheni yake ilibidi itoe taarifa ya kusema kwamba hairuhusu mambo hayo.

Mkutano ule, Mhariri, ulifanyika Cape Girardeau, nyumbani kwa Limbaugh, na Limbaugh mwenyewe alikuwapo. Ningependa mwandishi wenu autazame. Limbaugh aliingia kama mwenye mji anayekaribisha wageni kwake, akamtambulisha Rais mbele ya watu wake. Hannity aliitwa na Rais baadaye, akapanda akiwa na furaha ya kijana aliyeitwa na kocha kutoka benchi. Jukwaa ni moja, chama ni kimoja, mgombea ni mmoja, lakini mmoja alikuja kupokea heshima na mwingine alikuja kuitoa.

Levin ni kabila jingine kabisa. Ni mwanasheria wa Philadelphia aliyewahi kuwa mkuu wa wafanyakazi katika ofisi ya Edwin Meese, Mwanasheria Mkuu wa Rais Reagan, na hakuruhusu usahau kwamba amesoma. Kipindi chake hufunguliwa kwa sauti nzito inayotangaza kwamba kutoka kwenye handaki la siri, chini ya jengo lisilojulikana, mawasiliano yamepatikana tena na kiongozi wetu. Huo ni mzaha, na ni mzuri. Jina lake la sifa, lenye maana ya Yule Mkuu, alibandikwa na Hannity, naye hakulivua. Kwa dakika ishirini anaweza kukusomea Katiba na maandishi ya waasisi wa nchi kwa utulivu wa mwalimu wa jioni, na nakiri kwamba sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu Katiba ya Marekani, kabla ya mtihani wangu wa uraia, niliyapata kwake nikiwa gizani Indiana. Kisha mtu anapiga simu na kusema neno moja asilolipenda, na sauti inapanda, inapanda mpaka inakuwa kilio chembamba ambacho spika za lori hazikutengenezewa, ikimalizia kwa kumwambia mpigaji aachie simu, bwege mkubwa yeye. Majivuno yake ni ya msomi anayeona dunia imekataa kumaliza kitabu alichoipa. Hamtanii mpinzani. Humfukuza darasani.

Nimefika kwa Savage, ambaye ndiye ninayemkumbuka kuliko wote, ingawa ndiye niliyemzima mara nyingi zaidi. Jina lake la kuzaliwa ni Michael Weiner, mtoto wa Bronx, New York, wa mwaka 1942, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitu vya kale. Ana shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika taaluma ya lishe na tiba za jadi. Alikusanya mimea ya dawa visiwani Fiji, na aliandika vitabu vya mitishamba kabla hajaandika kimoja cha siasa. Mwaka 1996 aliomba kuwa mkuu wa shule ya uandishi wa habari ya chuo hichohicho cha Berkeley, akakosa, akafungua kesi. Mtu anayefungua kesi kwa kukosa ukuu wa shule, ilhali wakati huo redioni alikuwa na miaka miwili tu, ameshatueleza habari zake zote.

Majivuno ya Savage ni ya mtu aliyenyimwa. Kila jioni alirudi kwenye orodha ya waliomnyima: maprofesa, wachapishaji, wakuu wa mitandao, na zaidi ya wote wahafidhina wenzake, ambao aliwasema vibaya hewani kwa bidii isiyopungua ile aliyowasemea waliberali. Ugomvi wake na Levin ulikuwa wa watu wawili wanaogombea wateja wa saa zilezile. Mwaka 2014, mtandao uliokuwa na vituo vingi ulipomwacha Hannity na kumpa Savage saa zake, alishangilia kama aliyerudishiwa shamba la baba. Na simu? Limbaugh aliwapenda wapinzani, Levin aliwafukuza, lakini Savage aliwakatia simu hata waliompigia kumsifu, kwa kosa la kumchosha. Julai 2003, katika kipindi chake cha televisheni cha MSNBC, alimwambia mpigaji aliyekuwa akimchezea shere kwamba apate UKIMWI afe, na kazi ile ikaishia hapo. Mei 2009 serikali ya Uingereza ilimtangaza kuwa miongoni mwa watu waliozuiwa kuingia nchini humo kwa madai ya kuchochea chuki. Alikasirika miezi, lakini nilisikia pia ladha fulani ndani ya hasira ile: hatimaye serikali nzima ilikuwa imemtambua.

Na bado kulikuwa na jioni ambapo aliacha siasa kabisa. Alisimulia duka la baba yake, sanamu za shaba zilizosuguliwa kwa mikono yenye dawa kali, chakula alichokula mgahawani San Francisco, mbwa wake Teddy, hofu yake ya kufa. Sauti ilishuka, mitaa ya New York ya utotoni ikajaa ndani ya lori. Hakuna kati yao aliyekuwa na kipaji cha kusimulia kama chake, na dakika ishirini baadaye alikuwa akimlaani mtu fulani tena. Nilikuwa nikisafiri wakati mwingine na mwenzangu mmoja, Mkongo wa Goma, mtu wa maneno machache, naye alisema kwamba mzee huyu angekuwa baba mzuri kama angekuwa bubu nusu ya siku.

Beck sina mengi ya kusema juu yake, ingawa makala yenu ilimpa nafasi kubwa. Huyu alitoka kwenye redio za muziki, akapitia ulevi, akaacha pombe, akaingia kanisa la Mormoni mwaka 1999, na majivuno yake yana umbo la toba. Hujiita mchekeshaji wa uwanja wa fahali. Hulia. Hunong'ona karibu kabisa na maikrofoni, kama anayekuungamia, na hukuacha na hisia kwamba dhambi zake ni kubwa kuliko za watu wengine, jambo ambalo nalo ni namna ya kujikweza. Agosti 2010 alijaza watu mbele ya mnara wa Lincoln mjini Washington. Januari 2014 alisema kwenye televisheni kwamba anadhani amechangia kuigawa nchi, maneno ambayo sijawahi kuyasikia kutoka kwa Hannity wala Levin. Simu za wapinzani yeye hazihitaji sana, kwa sababu mpinzani wake mkubwa ni Beck wa mwaka jana.

Mwaka 2016 uliwapima wote kwa mizani moja. Savage alikuwa upande wa Trump tangu mapema, na akaona ushindi ule kama ushindi wake mwenyewe. Hannity alikuwa ameshakaa karibu na kiti. Limbaugh, mjanja wa siku nyingi, hakumtaja mgombea anayemuunga mkono wakati wa kura za mchujo, asije akakosana na nusu ya wateja. Beck na Levin walikuwa wa Ted Cruz, mpinzani wa Trump katika mchujo huo; Aprili Levin alisema hatampigia Trump kura, na Septemba akasema atampigia. Beck alikawia zaidi, lakini naye 2018 akaivaa kofia nyekundu ya wafuasi wa Trump. Kulikuwa na wachache ambao majivuno yao yaliwatuma upande wa pili, akiwamo Charlie Sykes wa Milwaukee, aliyekuwa mkubwa wa redio katika jimbo la Wisconsin, ambaye alikataa katakata na kuacha kipindi chake mwishoni mwa mwaka ule. Yeye pia alijiona sana, niwe mkweli. Kukataa kwenda na kundi lako lote kunahitaji kujiona.

Makala ilikosea pia kuandika kwamba Hannity ndiye aliyerithi nafasi ya Limbaugh. Tarehe 3 Februari 2020 Limbaugh aliwaambia wasikilizaji kwamba ana saratani ya mapafu, na kesho yake usiku, katika hotuba ya Rais bungeni, akavishwa nishani ya uhuru, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa raia. Aliendelea kutangaza karibu mwaka mzima, na katika wiki zile za Februari aliwaambia watu kwamba virusi vipya vya korona ni mafua ya kawaida. Tarehe 17 Februari 2021 nilikuwa nimeegesha katika kituo cha malori Iowa, baridi ikiwa kali kiasi kwamba hakuna aliyezima injini, nikiwa nimeifungulia redio ya WHO ya Des Moines, kituo ambacho Ronald Reagan alitangazia michezo akiwa kijana. Saa ya Limbaugh ilipofika, aliyezungumza alikuwa mke wake. Madereva wawili waliokuwa wamesimama nje wakivuta sigara walipanda kwenye malori yao wakafunga milango.

Kipindi hakikufungwa siku ile. Kwa zaidi ya miezi minne wageni walishika maikrofoni kwa zamu, na katikati yao zikapigwa rekodi za marehemu, mpaka tarehe 21 Juni 2021, ambapo mtandao uliwakabidhi saa zile Clay Travis na Buck Sexton, watu wawili kwa kiti cha mmoja. Mtandao mwingine ulikuwa umeshamweka Dan Bongino, askari wa zamani wa ulinzi wa marais, katika saa hizohizo tangu Mei, naye kiti hicho kilimfikisha mwaka 2025 kwenye unaibu mkurugenzi wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo. Lakini katika miezi ile minne ilitokea mara nyingi kwamba saa sita ikagonga, rekodi ikafunguliwa, na mtu aliyekwisha kuzikwa akatangaza tena kwamba ana kipaji alichoazimwa na Mungu. Mwenzangu wa Goma alikuwa nami siku mojawapo. Aliisikiliza ile sauti ikicheka, akaniuliza kwa nini redio inamwachia marehemu ajisifu. Nikamwambia asubiri kidogo, kwa sababu baada ya hapo linakuja tangazo la magodoro.

Wako,

Msomaji,
Columbus, Ohio, Marekani